Bega la Kushoto la Domitille

Tangu asubuhi Bi Josiane alikuwa akinifuata na karatasi ya vipimo kama mke anayedai talaka. Nikienda dirishani, yupo. Nikiinama mezani kuchora, yupo. Mwisho akaamua kunikabili mbele ya mafundi wote.

"Anselme, nakuuliza mara ya mwisho. Bega hili umelikata kwa kipimo cha nani?"

"Cha bibi harusi."

"Bibi harusi nimempima mimi, kwa mikono yangu hii miwili. Mabega yake yako sawa. Kulia arobaini na tatu mpaka kiunoni, kushoto arobaini na tatu. Wewe umelishusha la kushoto sentimita moja na nusu. Kwa nini?"

"Kwa sababu umekosea kupima."

Mafundi wakaacha kushona. Bi Josiane ndiye mkuu wa mafundi wangu, na ndiye aliyenifundisha kushika sindano nilipofika Paris nina miaka kumi na saba, sijui hata kuvaa subana ya kukinga kidole. Sijapata kumsikia mtu akimwambia neno kama lile. Alivua miwani, akaipangusa polepole kwa pindo la koti lake jeupe.

"Haya, nimekosea," alisema. "Miaka arobaini na miwili sijakosea hata mara moja. Kumbe nilikuwa naisubiri sikukuu ya Mtakatifu Katarina."

Mafundi wakaangua kicheko, nami nikashukuru kimoyomoyo. Siku hiyo ya Novemba, ndiyo leo, kila nyumba ya mitindo mjini huwavisha kofia za kijani na manjano wasichana wake waliotimiza miaka ishirini na mitano bila kuolewa. Kwetu alikuwepo Ludivine, fundi wa lesi, aliyetengenezewa na wenzake kofia yenye kizimba, na ndani ya kizimba ndege wa manyoya.

"Huyo ndege tutamfungulia siku utakayopata mchumba," mmoja alimtania.

"Basi mleteeni chakula cha kutosha," Ludivine akajibu, "maana atazeekea humu."

Nilicheka nao. Lakini gauni lile la majaribio, lililoshonwa kwa marekani, kitambaa rahisi cha pamba, kama ilivyo desturi kabla ya kugusa hariri, sikuligusa tena. Nilijua nilichokifanya. Karatasi ya vipimo sikuitazama hata kidogo. Nililikata kwa kumbukumbu tupu, kwa sababu mwili wa Domitille de Varsenne niliujua kuliko ninavyoijua nyumba niliyozaliwa.

Kwa miaka miwili kila vazi lililotoka mikononi mwangu lilikatwa juu ya mwili wake. Alikuja kwangu akiwa na miaka ishirini na mitatu, akitafuta kazi ya kusimama chumba cha kupimia, ile kazi ya kuchomwachomwa pini tangu asubuhi hadi jioni. Nyumba nyingine tatu zilikuwa zimemkataa. Utotoni alianguka kutoka juu ya farasi, mfupa ukaunga vibaya, na bega la kushoto likabaki limeshuka. Wao waliona kilema. Mimi nilimwona mtu aliyekaa daima kama anayetaka kugeuka akutazame, nikaanza kukata nguo zinazolifuata bega lile. Magazeti yakasifu mkato wa Tournaire. Tournaire ni mimi, lakini mkato ulikuwa wake.

Tukapendana. Tungefanyaje? Mchana kutwa nimepiga magoti miguuni pake, yeye ananisimulia vichekesho nisivyoweza kuvicheka kwa kuogopa kumeza pini. Halafu Januari moja, wiki ya onyesho letu la mavazi, akaondoka asirudi. Miaka minne niliambia kila mtu, na mimi mwenyewe kwanza, kwamba ukoo wake ndio ulioninyang'anya. Watu wenye kasri na kanisa lao wenyewe wangemwozaje binti yao kwa mtoto wa muuza chaza wa bandari ya Sète? Niliwachukia kwa moyo wote, na ile chuki ilinisaidia kupata usingizi.

Wiki mbili zilizopita Domitille aliingia kwangu na mama yake kuagiza gauni la harusi. Anaolewa Februari na bwana mmoja aitwaye Thibault. Alikaa mbele yangu saa nzima, mabega wazi, nami nikachora. Nilipomaliza sikuthubutu kumgusa. Kazi ya kumpima nikamwachia Bi Josiane, nikakimbilia ofisini kujifungia.

Usiku wa kuamkia leo nilikula kiapo. Nitapata dakika moja naye. Nitamwomba arudi kwangu. Akikataa nitanyamaza maisha yangu yote, lakini leo lazima nimwombe.

*

Walifika saa tisa alasiri. Madam de Varsenne alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amenyooka wima, amevaa koti jeusi la thamani lenye kiraka safi kiwikoni. Ludivine alimletea kahawa, na yule mama akaitazama kofia yake kwa makini.

"Ndege anaitwa nani?"

"Bado hana jina, Madam."

"Mpe jina la mwanamume. Watakuja wenyewe kuuliza."

Ludivine alitoka akicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kioo kikubwa. Pazia likafunguka na Domitille akatoka ndani ya gauni la marekani, hana viatu, nywele amezifunga juu kama zamani. Macho yetu yakakutana kiooni. Hakuyaondoa yake. Mimi ndiye niliyeinamisha uso, nikajifanya natafuta pini.

Nilianza na kiuno. Kiuno kilikaa vizuri. Mgongo ulikaa vizuri. Nikapanda juu, na hapo upande wa kushoto nikaona mkunjo mbaya umetoka shingoni hadi kwapani. Nikaulaza kwa kiganja. Ukarudi. Nikavuta kitambaa, nikachoma pini, ukarudi tena.

"Simama vizuri," nilimwambia. Sauti ilinitoka kama ya zamani, ile ya kazini kwetu, nikasahau kwamba mama mtu yupo.

"Nimesimama vizuri, Bwana Anselme."

"Hapana, umelikaza bega. Lilegeze kidogo. Liache lishuke kama kawaida yako."

"Halishuki tena."

Alisema taratibu, bila hasira. Kisha akavuta shingo ya gauni pembeni kwa vidole viwili. Juu ya mfupa wa bega kulikuwa na kovu jembamba, refu kama kidole, limeshapauka. Nililitazama mpaka macho yakaniuma. Nyuma yangu Bi Josiane alikuwa ameshika mto wa pini, kimya. Laiti angesema "nilikuambia," ingeniuma kidogo kuliko kile kimya chake.

"Bi Josiane," Madam de Varsenne aliita. "Karatasi yako inasemaje kuhusu mabega ya binti yangu?"

"Yako sawa, Madam."

"Sasa gauni hili amelikata nani?"

"Mimi," nilisema.

"Kwa kipimo gani, Bwana Tournaire?"

Nilitafuta uongo. Nina uongo mwingi wa kuwapa wateja, wa kuficha tumbo na wa kuficha umri, lakini siku hiyo hata mmoja haukuja.

"Kwa kumbukumbu, Madam."

Aliweka kikombe mezani. Akanitazama, akamtazama binti yake, akanitazama tena.

"Najua alifanya kazi hapa," alisema. "Alikuwa ananiambia bosi wake ni mkali na hali chakula. Lakini mwanamume hakumbuki mshuko wa bega la mfanyakazi wake kwa miaka minne." Akatikisa kichwa. "Kumbe ni wewe. Wewe ndiye wa yale maua."

"Maua gani, Madam?"

"Maua meupe, makubwa, hayana jina. Yaliletwa hospitali na gari la dukani. Binti yangu amelala pale na chuma begani, siku sita anatazama mlango. Kila muuguzi akiingia, anainua kichwa. Namuuliza, mwanangu, unamngoja nani? Ananijibu, simngoji mtu, Mama. Siku sita!"

Kwa chuki ya miaka minne nikajisahau kabisa.

"Madam, usinifanye mimi mbaya! Wewe ndiye uliyenikataa. Wewe na ukoo wako. Mtoto wa muuza chaza hakuwafaa!"

Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nilikukataa? Bwana, ulikuja lini kwangu ukaniomba, nami nikakukataa?"

Sikuwahi kufika kwao, sikuwahi kumwandikia hata mstari mmoja, na uso wake nilikuwa nimeuona kwa mara ya kwanza wiki mbili zilizopita.

Nikamgeukia Domitille. "Uliniambia hatakubali."

"Nilikuambia hatakubali mara ya kwanza. Nikakuambia njoo hospitali Jumanne, nitakuwa kitandani, Mama hawezi kumfokea mtu mbele ya mgonjwa. Nikakuambia wataninyoosha bega, na nikizinduka nataka nikuone. Nilikuambia hapa hapa nilipo sasa."

"Sikusikia."

"Uliitikia, Anselme. Ulisema 'mm.' Ulikuwa na pini mdomoni."

Bi Josiane alikuwa anakagua sakafu. Madam de Varsenne akainuka, akachukua mkoba wake.

"Bi Josiane, naomba unitembeze kwa mafundi wako. Nataka kuziona kofia zote. Dakika kumi zinatosha." Alipofika mlangoni akamtazama binti yake. "Zinatosha?"

"Zinatosha, Mama."

*

Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili, yeye ndani ya gauni lililojaa pini, hawezi hata kukaa, na mimi miguuni pake kama siku zote.

"Nisamehe," nilisema.

"Nilishakusamehe. Ilinichukua muda, lakini nimekusamehe."

"Mimi nilidhani umenikimbia. Nilikupigia simu baada ya onyesho."

"Siku tisa baada ya onyesho. Nilihesabu. Ukaacha ujumbe kwamba onyesho limefana na wamesimama kushangilia. Hukuuliza niko wapi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa naukumbuka ujumbe ule kama wa mapenzi. Maua nayo nilikuwa nimeyasahau. Pengine mtu wa ofisini aliniambia Domitille yuko hospitali, nikasema mpelekeeni maua mazuri, nikarudi kwenye mikono ya gauni la thelathini na saba.

"Kwa nini umekuja kwangu?" nilimuuliza. "Paris imejaa washonaji. Umekuja kuniadhibu?"

"Sina roho hiyo, unanijua."

"Kwa nini, basi?"

Akageuza uso kioo kisimwone, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikayumba.

"Nilijiwekea jambo moja la kipumbavu. Nilisema nitaenda nikae mbele yake, mabega wazi, mchana kweupe. Huyu ni mtu anayeona uzi mmoja uliopinda kutoka upande wa pili wa chumba. Akiliona bega langu, akasema tu, Domitille, umefanya nini, basi siolewi na Thibault. Nitamrudishia pete yake jioni ile ile."

"Usiseme hivyo."

"Nilikaa saa nzima, Anselme. Ulinitazama saa nzima. Ukamaliza kuchora, ukanipa karatasi nione. Ulikuwa umenichora na bega limeshuka."

Nilimshika miguu. Sikujali kama kuna mtu nyuma ya mlango. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni, paji la uso kwenye ile marekani, na pini moja ikanichana shavu.

"Nakupenda," nilimwambia. "Hakuna siku iliyopita nisikupende."

"Najua." Akaniwekea mkono kichwani. "Unampenda yule msichana mwenye bega lililoshuka. Hata mimi nilimpenda sana. Lakini hayupo tena, na wewe hukuja kumzika."

"Na huyo Thibault unampenda?"

Akafikiri. Hakunidanganya, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Nikiwa naye siumii. Baba yake alikuwa amelazwa chumba cha pili. Alinikuta kwenye korido nafundishwa kuinua kikombe, nimekimwaga, nalia. Akaokota kikombe. Hajui kuchora hata kiatu, na hariri anaiita kitambaa laini." Akacheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Lakini asubuhi ananiuliza nimelalaje, halafu anangoja jibu."

"Nitaweza. Domitille, nitaweza mambo hayo yote. Nipe nafasi. Nitaondoka nawe. Twende Sète, kwa mama yangu, atakupikia supu ya samaki mpaka uchoke. Onyesho la Januari nitaliacha."

Akaacha kulia. Akainama, akanishika kidevu, akaniinua uso. Macho yale nilikuwa nimeyaota miaka minne, na sasa yalikuwa karibu kiasi cha kujiona ndani yake.

"Sema tena."

"Onyesho la Januari..."

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya mafundi wakicheka, pasi ikitoa mvuke, mtu akiuliza lesi nyeusi imewekwa wapi. Kule ndani kulikuwa na mavazi thelathini na nane ambayo hayajakamilika, na wiki nane tu zilizobaki. Lesi nyeusi ilikuwa kabati la chini, nyuma ya satini. Nilijua, na nikataka kuwaambia. Ni pumzi moja tu iliyopita, hata pumzi haikutimia. Lakini Domitille alisimama mbele ya macho yangu miaka miwili. Anajua ninavyotazama nikiwa kwake na ninavyotazama nikiwa kwenye kazi.

Akaniachia kidevu.

"Nitaliacha," nilisema haraka. "Nitaliacha, naapa."

"Lesi iko wapi?"

"Domitille..."

"Iko wapi, Anselme?"

"Kabati la chini," nilisema. "Nyuma ya satini."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na swali siku nyingi na sasa amejibiwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, angenipiga kofi, ningepata pa kushika. Alifuta macho yangu kwa kiganja, kisha yake, akajinyoosha mbele ya kioo.

"Wakirudi, nipime."

"Bi Josiane amekwisha kupima."

"Nipime wewe. Vipimo vyangu vyote, upya. Sitaki kwenda kanisani na nguo ya mtu mwingine."

"Siwezi. Niombe kingine chochote."

"Mimi niliweza kukaa saa nzima. Wewe utaweza dakika tano."

*

Mama mtu aliporudi alitutazama nyuso, akaelewa, akakaa kwenye kiti chake. Bi Josiane aliona mchubuko shavuni kwangu. Akanipa leso yake, akanishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Andika," nilimwambia.

"Nina karatasi yangu, mwanangu. Imeshajaa."

"Chukua mpya."

Alichukua mpya. Nikafumua bega la kushoto la gauni, uzi kwa uzi, marekani ikaanguka na bega likabaki wazi. Nikatoa futi ya kupimia shingoni mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumpima. Miaka ile miwili sikuwahi kuhitaji, mikono yangu ilikuwa inajua yenyewe.

"Mzunguko wa shingo, thelathini na nne na nusu."

"Thelathini na nne na nusu," Bi Josiane aliitikia, kalamu ikakwaruza.

"Kifua, themanini na sita."

"Themanini na sita."

"Kiuno, sitini na sita." Zamani kilikuwa sitini na tatu. Hilo nalo sikuwa nimeliona. "Bega la kulia hadi kiunoni, arobaini na tatu."

"Arobaini na tatu. La kushoto?"

Niliweka ncha ya futi juu ya bega lake la kushoto, kando ya kovu. Ngozi ilikuwa ya moto na mfupa umenyooka chini ya kidole changu, mgeni kabisa, sijapata kuukuta popote. Nikaishusha futi kifuani hadi kiunoni, nikaibana kwa kidole gumba. Tarakimu zikanichezea. Nikapepesa macho, nikainama karibu zaidi, zikazidi kuyeyuka.

"La kushoto, Anselme?" Bi Josiane aliuliza tena, kwa upole.

Madam de Varsenne aligeuza uso dirishani. Domitille akainamisha kichwa, akatazama kidole changu kilipoishia.

"Arobaini na tatu," alisoma mwenyewe, na Bi Josiane akaandika.